Wi-Fi ya chuo, bando la simu, ruta ya geto au vocha ya jirani: mwanachuo wa Mwanza achukue ipi?

Mwanachuo anayepanga Malimbe, Nyegezi au Butimba ana milango minne ya kuingilia intaneti: Wi-Fi ya chuo, bando kwenye simu yake, ruta ya laini wanayochangia getoni, na Wi-Fi ya vocha inayouzwa mtaani. Kila mlango una mpigadebe wake, na wengi wanapiga debe la kasi. Kasi peke yake haikusaidii kuchagua. Angalia unataka kufanya kazi gani, utaifanyia wapi, na mko wangapi.

Msimamo wetu ni huu. Mafaili makubwa na majarida ya kitaaluma, tumia Wi-Fi ya chuo. Mtihani wa mtandaoni na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa 6 usiku, tumia bando lako. Ruta ina maana mkiwa watatu au zaidi, na baada ya kupima mawimbi, si kabla. Vocha ni ya siku moja moja.

Unakula GB ngapi?

Wengi hununua bando kwa kubahatisha, kisha wanalaumu mtandao. Kwenye Android ingia Mipangilio, halafu Mtandao na intaneti, halafu matumizi ya data. Utaona kila programu imekula kiasi gani kwa mwezi.

Kwa makadirio ya kupangia bajeti, YouTube ya 360p hula kama MB 300 kwa saa, na ukiipandisha hadi 720p inafika GB 1 au 1.5. Zoom ya kundi yenye video huanzia MB 810 hadi GB 2.4 kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Hapo wengi wanajidanganya: kuzima kamera yako kunapunguza unachotuma tu, hakupunguzi picha za wenzako unazopokea. Mkikubaliana darasa zima kuzima kamera, ikabaki sauti, matumizi yanashuka hadi chini ya MB 100 kwa saa. Video fupi fupi za kuteremsha kwa kidole, TikTok na wenzake, zinakaribia GB 1 kwa saa, na ndizo humaliza bando la mtu anayeapa kwamba alikuwa anasoma tu. PDF ya maandishi matupu, hata ikiwa na kurasa 300, kwa kawaida haifiki MB 10. Iliyopigwa skani inaweza kupita MB 100, kwa sababu kila ukurasa ni picha.

Mlaji wa kimyakimya ni laptopu. Sasisho la kawaida la Windows linaweza kufika GB 1, na toleo jipya zima likapita GB 3. Ukiunganisha hotspoti yako bila kuionya kompyuta, itadhani imefika kwenye mtandao wa bure na kuanza kupakua. Dawa yake iko kwenye sehemu ya bando hapo chini.

Wi-Fi ya chuo

Faida yake kubwa kuliko zote haisemwi sana, nayo ni majarida. Maktaba nyingi za vyuo zimeunganishwa na hifadhi za majarida kwa kutambua anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao wake. Makala ambayo ukiifungua kwa bando lako inakudai dola 30 au 40, inaweza kufunguka bure ukiwa ndani ya mtandao wa chuo. Tanzania imo kwenye kundi la nchi zinazopewa bure huduma za Research4Life, ndani yake Hinari kwa mambo ya afya na AGORA kwa kilimo, chakula na mazingira. Kwa hiyo mwanafunzi wa CUHAS, chuo cha afya pale Bugando, au anayesoma uvuvi Nyegezi, aulize maktaba ya chuo chake kama imesajiliwa na namna ya kuingia, kabla hajaanza kuomba PDF kwenye magrupu ya WhatsApp.

Udhaifu wake unajulikana: watu. Kifaa kimoja cha kawaida cha kurushia Wi-Fi huanza kuelemewa watu 30 au 40 wakikitumia kwa wakati mmoja, na ukumbi mmoja wa mihadhara unabeba mara kadhaa ya hao. Saa 1 hadi saa 5 usiku hosteli nzima iko hewani. Anayetaka kupakua programu ya GB 4 au video za kozi nzima, aweke kengele ya saa 11 alfajiri. Faili ambalo jana usiku lilikuwa linakokota litaingia upesi zaidi, kwa vifaa vile vile, kwa sababu tu wengine wamelala.

Wi-Fi hurushwa kwa mawimbi ya GHz 2.4 na GHz 5. Ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini ina msongamano, maana ina chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ya 5 ina kasi na nafasi, ila ukuta wa tofali au nguzo ya zege huidhoofisha haraka. Ukiwa maktaba, kaa mahali unapokiona kile kifaa cheupe darini kwa macho yako. Kusogea mita 6 kunaweza kukusaidia kuliko kubadilisha simu.

Sasa ule ugonjwa maarufu: umeunganishwa, alama ya Wi-Fi ipo, lakini ukurasa wa kuweka namba ya usajili na nenosiri hautokei. Sababu ni kwamba tovuti karibu zote siku hizi ni za HTTPS, yaani mawasiliano yake yamefungwa kwa siri, na mtandao wa chuo hauwezi kuzidaka na kukupeleka kwenye ukurasa wake. Andika neverssl.com kwenye kivinjari. Hiyo ni tovuti iliyoachwa wazi makusudi, hivyo mtandao utaidaka na ukurasa utatokea. Ukigoma bado, zima VPN, kisha kwenye mipangilio ya mtandao tafuta DNS ya faragha uizime, jaribu tena, na ukishaingia uirudishe. Angalia pia kama akaunti yako ina kikomo cha vifaa. Mara nyingi simu iliyo mfukoni ndiyo imekalia nafasi ya laptopu.

Kuna vyuo vinavyosajili kifaa kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe kwenye mtandao. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 huonyesha anwani ya MAC ya kubuni badala ya ile halisi, kulinda faragha. Ndiyo maana mtu, hasa wa iPhone, anaweza kusajili simu leo, wiki ijayo akafuta mtandao ule na kuuunganisha upya, akakuta hatambuliwi. Gusa jina la Wi-Fi ya chuo, ingia sehemu ya faragha, chagua anwani ya MAC ya kifaa badala ya ile ya nasibu, kisha ndipo uende ofisi ya TEHAMA kusajili. Fanya hivyo kwa mtandao wa chuo tu. Kwingine iache ilivyo.

Kama chuo chako kimejiunga na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo ambayo hapa nchini inasimamiwa na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti, jiunge nayo mapema. Jina la kuingilia huandikwa kama barua pepe, likimalizikia na anwani ya chuo chako. Ukiandika jina tupu utaingia chuoni kwako pengine, lakini ukienda chuo kingine litakataa, kwa sababu mfumo hautajua umuulize nani nenosiri lako.

Bando la simu

Huu ndio mlango wa kutegemea siku ya hatari, maana hausubiri ofisi yoyote ifunguliwe na hausimami taa zikizimika. Ubaya wake ni bei ya kila GB na muda wa kuisha.

Usilinganishe majina ya vifurushi, linganisha namba mbili: shilingi kwa GB, na siku. Chukulia kifurushi cha wiki cha shilingi 5,000 chenye GB 4, na cha mwezi cha shilingi 20,000 chenye GB 20. Hizi ni bei za mfano tu. Cha wiki ni shilingi 1,250 kwa GB, cha mwezi ni 1,000. Kwenye karatasi cha mwezi kimeshinda. Lakini ukinunua cha mwezi siku bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, limeingia, ukawa mkarimu wa hotspoti na video za 1080p, kikakata siku ya 12, kwa kila siku umelipa ghali kuliko wa wiki. Anayejijua hana breki anunue cha wiki, na hakuna aibu. Kabla ya kulipa soma pia mgawanyo: GB 10 zinazotangazwa zinaweza kuwa na sehemu ya usiku tu au ya mitandao ya kijamii tu. Vifurushi vya wanachuo huwa nafuu, ila masharti hubadilika, kwa hiyo soma menyu yenyewe na si bango la mwaka jana.

Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na miamba hiyo ina maneno yake kwenye mtandao. Geto lililo nyuma ya jabali linaweza kukosa mawimbi ya mnara ambao nyumba ya mita 30 mbele inaupata wima. Ufukweni huwa kinyume: maji hayazuii kitu, na simu inaweza kushika mnara wa mbali ng'ambo ya ghuba, ikaonyesha vijiti vya kutosha huku kasi ikiwa ya kusuasua. Kwa hiyo usiulize "mtandao gani mzuri Mwanza". Uliza mtandao gani mzuri chumba namba fulani, ukuta wa dirishani.

Kuna namba ya kukujibu. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, hali ya SIM, tazama nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwa 4G namba huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Hasi 85 ni nzuri sana, hasi 100 inafaa kwa kazi, hasi 110 na kushuka utateseka. Pima kwa laini za wenzako wa mitandao tofauti, mahali pale pale. Halafu pima kasi yenyewe mara mbili, mchana na saa 2 usiku, kwa sababu mawimbi yanaweza kuwa mazuri na mnara ukawa umefurika watu. Usipime kasi kwa kujifurahisha lakini. Jaribio moja kwenye 4G nzuri linaweza kumeza MB 100.

Kwa laptopu, acha hotspoti ya hewani kama una waya. Chomeka simu kwa waya wa USB wa data (ule wa kuchaji tu hautafanya kazi), kisha kwenye sehemu ya hotspoti washa kusambaza kwa USB. Hapo huingii kwenye vurugu za hotspoti zote za hosteli zinazogombania chaneli 3, na simu inachajiwa huku ikifanya kazi. Kwa mtihani wa mtandaoni hakuna njia ya simu iliyo tulivu kuliko hii.

Na lile onyo la Windows: fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya jina la hotspoti yako, washa "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri. Mtego ni kwamba mpangilio huo unashikamana na jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, lazima urudie. Ukihamia kwenye waya wa USB, Windows inauona kama Ethernet, hivyo uende kwenye Ethernet uwashe huko pia. Wengi wanapoteza bando zima kwa kukosa hatua hii ya pili.

Ruta ya geto

Ziko za aina mbili. MiFi ya mfukoni ina betri ya mAh 1,500 hadi 3,000, hukaa kama saa 5 hadi 8, na huhudumia watu 8 au 10. Ruta ya mezani hutumia adapta, mara nyingi ya volti 12 na ampia 1, ina antena kubwa zaidi na inabeba watu wengi bila kupata moto. Kwa geto la watu wanne tungechukua ya mezani bila kufikiri mara mbili. MiFi imfae anayehamahama kati ya chuo, geto na kituo cha mazoezi ya vitendo.

Dukani mjini, swali la kwanza lisiwe bei. "Kaka, hii imefungwa mtandao mmoja au inapokea laini zote?" Akisema inapokea zote, mwambie aweke laini yako pale pale uone inashika 4G. Halafu soma IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kwenye stika, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuhakiki vifaa. Ruta iliyofungwa si mbaya kama ni ya mtandao uliokwisha kuupima chumbani kwenu na ukashinda. Ni janga ukihama geto.

Hesabu ya mchango, tena kwa bei za mfano: ruta shilingi 120,000, kifurushi cha mwezi shilingi 60,000. Mkiwa wanne, kila mmoja anatoa 30,000 mara moja na 15,000 kila mwezi. Aliyekuwa akitumia 4,000 kwa wiki alikuwa anatoa 16,000, kwa hiyo kwa mwezi anaokoa shilingi 1,000 tu. Faida halisi ni GB nyingi zaidi kwa pesa ile ile. Mkiwa wawili, hesabu inakataa.

Neno "bila kikomo" lisomwe hadi chini. Vifurushi vingi vya namna hiyo hushushwa kasi ukifika kiwango fulani cha GB. Ikishushwa hadi Kbps 512, faili la GB 1 litachukua zaidi ya saa 4. Mkiwa na Mbps 10 na watu wanne wote wako kwenye video, kila mmoja anabaki na 2.5, inayotosha 720p moja bila kitu kingine. Mmoja akianza kupakua filamu, wengine watajua.

Pa kuiweka: dirishani, juu, upande ulikopimia namba nzuri. Si sakafuni, si nyuma ya kabati la chuma. Bati la paa huzuia mawimbi, kwa hiyo kuipandisha hadi chini ya dari si lazima kusaidie. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani iliyo kwenye stika, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, ubadilishe nenosiri la Wi-Fi na lile la usimamizi pia. Humo ndani kuna RSRP, ile dBm yako, na SINR, kipimo cha usafi wa mawimbi dhidi ya kelele. SINR ikizidi 10 mko vizuri; ikishuka chini ya 0, sogeza ruta hata nusu mita uangalie tena. Kazi hii ya dakika 15 huleta tofauti kuliko antena za nyongeza zinazouzwa barabarani.

Umeme ukikatika, ruta ya mezani hufa na Wi-Fi yenu nayo. UPS ndogo ya volti 12, yaani betri ya akiba, inatibu hilo. Yenye betri ya mAh 8,800 ina kama Wh 32. Ukitoa upotevu zinabaki kama 26, na ruta inayokula wati 6 itakaa zaidi ya saa 4. Hakikisha volti za UPS na za ruta ni zile zile, na pini inaingia. Ukichomeka volti 12 kwenye kifaa cha volti 5, umekinunulia jeneza.

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na juu ya ziwa nyingi hupiga usiku wa manane kuelekea alfajiri. Radi haihitaji kupiga nyumba yenu ili kuua ruta. Hupita kwenye nyaya za umeme. Ngurumo zikianza, chomoa adapta ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Vocha na faiba

Wi-Fi ya vocha inafaa siku bando limekata na kazi ni ndogo. Nunua ya saa chache kwanza, pima saa 2 usiku, ndipo ununue ya wiki. Vocha nyingi hukubali kifaa kimoja tu, kwa hiyo iingize kwenye laptopu moja kwa moja. Huyo jirani ni mgeni kwa mambo yako: usiingize nenosiri lolote kwenye tovuti isiyo na HTTPS, na usikubali kuweka programu au cheti anachosema ni cha "kuongeza kasi".

Faiba, intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, inazishinda zote nne kwa utulivu, ila ni uamuzi wa mwenye nyumba. Nyaya zitatoboa ukuta wake. Ukimkuta mama mwenye nyumba, shikamoo kwanza, kisha umpelekee hesabu ya vyumba vyote na si ombi la chumba chako. Kama nguzo yenye faiba haijafika mtaani kwenu, mazungumzo yameishia hapo.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Anayelala hosteli ndani ya chuo: Wi-Fi ya chuo iwe ndiyo kuu, na kifurushi kidogo cha wiki cha dharura. Asinunue ruta. Anayepanga peke yake nje: bando la mwezi au la wiki kwa tabia yake, mafaili mazito ayapakulie chuoni alfajiri, na laini ya pili ya mtandao tofauti yenye salio kidogo kwa siku mnara wa kwanza unapogoma. Geto la watu watatu au wanne linalokaa mwaka mzima: ruta ya mezani yenye UPS ndogo. Aliye mwaka wa mwisho anayeandika tafiti: vyovyote atakavyoishi, apange siku mbili kwa wiki za kukaa ndani ya mtandao wa chuo kwa ajili ya majarida, ayapakue yote, akasome nyumbani bila intaneti.

Kwa watakaochangia ruta, kuna jambo moja la kuandika kwenye karatasi kabla pesa haijatoka. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu mmoja, hivyo kisheria ni yake, na akihitimu ataondoka nayo. Kubalianeni nani anasajili, ruta inabaki kwa nani, anayehama katikati ya muhula anarudishiwa kiasi gani, na mwezi wa likizo nani analipa. Aliyesajili apige *106# mara kwa mara kuona laini zilizo chini ya jina lake, na ahakikishe hiyo ya ruta haijawahi kutolewa na kuwekwa kwenye simu ya mtu.